Jikoni kwetu: Kuku mdogo juu ya makaa, kwa desturi ya Italia

Leo twataka kunena habari za kuku. Labda mtatucheka mkisema: Ni nani kati yetu asiyejua kuchoma kuku? Ngojeni kidogo, msikie kwanza.

Si siku nyingi zilizopita tulialikwa kwenye karamu ya Komunyo ya kwanza ya mtoto mmoja. Baba yake alikuwa amenunua kuku watatu wadogo, wenye nyama laini. Mama aliamka mapema sana, akawachinja, akawanyonyoa, akawapaka chumvi, pilipili na kitunguu saumu kilichotwangwa, kisha akawaweka wazima juu ya mbabula iliyojaa makala mekundu. Baada ya robo saa ngozi yao ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Wageni walikuwa na njaa. Kuku wakaletwa mezani. Mzee mmoja akashika paja, akalivunja, na tazama, damu ikachuruzika kwenye kiungo. Akalirudisha sahanini. Mwingine akacheka, akatoa neno la kumchoma moyo yule mama. Naye, ambaye mpaka saa ile alikuwa hajaonja hata ncha ya bawa, akageuka, akarudi jikoni bila kusema kitu.

Sisi tuliona haya. Hatukuona haya kwa ajili ya mama yule, bali kwa ajili yetu sisi tuliokaa mezani. Kwa maana yeye hakukosa bidii, wala hakukosa viungo. Alikosa kuelezwa jambo moja tu, nalo ndilo tutakaloeleza leo: kuku mdogo si kazi ndogo. Ataka kupasuliwa vizuri, ataka chumvi kwa wakati wake, na zaidi ya yote ataka moto mpole na mtu mwenye subira.

Katika mambo hayo tumeona yafaa kuwauliza watu wa Italia. Wao wana desturi ya kuwachoma kuku wadogo juu ya makaa, nao wameifikiri kazi hiyo kwa makini. Viungo vyao si vingi, wala si vya wafalme: ni mafuta, chumvi, limau, kitunguu saumu, na majani machache yenye harufu.

Kuku wa shetani

Jina la chakula chenyewe litawashangaza. Waitalia husema pollo alla diavola, maana yake kuku kwa namna ya shetani. Msiogope, hakuna jambo baya ndani yake. Bwana mmoja, Pellegrino Artusi, alieleza jina hilo katika kitabu chake cha mapishi alichokitoa kwa fedha zake mwenyewe mjini Firenze mwaka 1891. Alisema kwamba chakula hiki hutiwa pilipili kali mno, hata mlaji, akisikia kinywa chake chawaka, hutamani kumpeleka kuku kwa shetani pamoja na mpishi wake.

Bwana Artusi alizaliwa mwaka 1820 katika mji mdogo wa Forlimpopoli. Hakuwa mpishi kwa kazi yake. Alikuwa mfanya biashara. Alikusanya mapishi ya nyumba za watu, akayajaribu, akayaandika kwa maneno mepesi. Kitabu chake kilipendwa sana, kikachapwa tena na tena, hata mwisho kikawa na mapishi 790. Kumbukeni jina lake, kwa maana tutarudi kwake kabla ya kuagana.

Na hiyo pilipili nyekundu, je, ni ya Italia? Hapana. Ilitoka Amerika, na baada ya safari za Kristofa Kolumbo, tangu mwaka 1492, ilivuka bahari ikafika Ulaya na Afrika. Basi pilipili ya wakulima wa Calabria, kule kusini mwa Italia, na pilipili ya bustani zetu za Kivu ni ndugu wa ukoo mmoja.

Kuchagua na kupasua

Kuku anayefaa ni yule Waitalia wanayemwita galletto, yaani jogoo mchanga. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 iliandika kwamba kuku wa namna hiyo, akiisha kutolewa kichwa, miguu na matumbo, huwa na uzito usiofika gramu 650. Kwetu tafuteni jogoo mchanga ambaye sauti yake bado haijakomaa, na ambaye ncha ya mfupa wa kidari chake yapindika mkiibonyeza kwa kidole. Kuku mzee mwacheni kwa mchuzi. Nyama yake yataka maji na saa nyingi, na makaa yatamkausha tu.

Sasa kosa la kwanza la karamu ile: kuku waliwekwa motoni wazima. Kuku mzima ni kama mpira. Kidari kiko karibu na moto, lakini kiungo cha paja kimejificha ndani. Nje huungua kabla ya ndani kupata moto wa kutosha. Dawa yake ni kumpasua na kumlaza. Artusi aliagiza kumfungua upande wa mbele na kumbonyeza awe bapa kadiri iwezekanavyo. Wapishi wengi wa siku hizi hukata upande wa mgongo, kwa sababu kidari hubaki kizima. Shikeni kisu kikali au mkasi wa jikoni, mkate kandokando ya uti wa mgongo, upande huu na upande huu, mkautoe. Uti huo msiutupe. Wafaa kwa supu. Kisha mfungueni kuku kama mnavyofungua kitabu, mlazeni ngozi ikiwa juu, mkandamizeni kidari kwa kiganja mpaka msikie mfupa umelia. Sasa amekuwa bapa, na unene wake wakaribia kuwa mmoja kila mahali.

Hapa kuna neno ambalo Artusi hakulijua. Yeye aliagiza kuku aoshwe. Leo waganga wafundisha kwamba kuku mbichi huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, kama vile salmonela, na kwamba maji yakiruka huvitawanya mezani, juu ya vyombo na juu ya mboga. Kuku aliyenunuliwa akiwa amekwisha kusafishwa haoshwi. Hupanguswa tu mpaka akauke. Kuku aliyechinjwa nyumbani hana budi kusafishwa, lakini fanyeni hivyo katika beseni, mbali na vyakula vingine, polepole, bila kurusha maji. Kisha mpanguseni, na mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni. Ngozi kavu ina faida nyingine pia: ngozi yenye maji haiwi nyekundu wala haivunjiki mdomoni.

Viungo na saa yake

Kwa kuku wawili wa gramu 500 hivi, wanaotosha watu wanne, tayarisheni:

Chumvi, vijiko viwili vidogo, visawazishwe.
Mafuta ya mzeituni, vijiko vinne vikubwa.
Kitunguu saumu, punje tatu.
Rosmarino, vitawi viwili vyenye urefu wa kidole.
Pilipili manga iliyotwangwa, kijiko kimoja kidogo.
Pilipili nyekundu kavu, kadiri mnavyoweza kuvumilia.
Limau moja.

Rosmarino ni mmea wenye majani membamba kama sindano na harufu kali. Kwao, katika nchi za kandokando ya bahari ya Mediterania, huota wenyewe penye mawe na jua. Wengine hutia pia majani ya salvia. Mafuta ya mzeituni mnayajua kwa jina, kwa maana hutajwa mara nyingi katika Maandiko. Kwetu bei yake ni kubwa. Mkiyakosa, tumieni mafuta ya alizeti au ya karanga. Chakula kitakuwa kizuri, ingawa ladha ya Italia itapungua kidogo. Mawese yana rangi na ladha yake yenye nguvu. Hayo yawekeni kwa mapishi yetu wenyewe, ambayo ndiyo yanayoyapenda.

Kosa la pili la karamu lilikuwa hili: kuku alipakwa chumvi, na papo hapo akawekwa motoni. Yafaa mjue kazi ya kila kiungo. Chumvi ndiyo yenye miguu. Huingia ndani ya nyama polepole na kuisaidia kushika maji yake. Mafuta, majani na kitunguu saumu hukaa juu juu tu; harufu yao haipiti sana chini ya ngozi. Kwa hiyo chumvi itangulie. Mwenye friji ampake kuku chumvi jioni, amlaze humo usiku kucha. Asiye na friji ampake saa moja kabla ya kuchoma, amfunike mahali penye baridi. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili.

Kisha pondeni kitunguu saumu na rosmarino, mchanganye na mafuta, pilipili zote mbili, na ganda la nje la limau lililokwanguliwa. Jitengeeni kwanza vijiko viwili vya mchanganyiko huo katika kikombe safi. Ulio baki mpakeni kuku pande zote. Maji ya limau ongezeni nusu saa tu kabla ya moto, tena kidogo, na nusu ya limau mwiweke kwa mwisho. Limau likikaa muda mrefu mno huigeuza nyama ya juu, hata ikawa kama unga mdomoni. Wako watu wanaodhani kwamba limau na pilipili huua vijidudu vyote. Sivyo. Kinachoviua ni moto.

Na mchanganyiko uliogusa kuku mbichi msiumimine juu ya kuku aliyeiva, wala msiufanye mchuzi wa mezani usipochemshwa kwanza. Ndiyo sababu tuliwaambia mjitengee kikombe.

Moto mpole na tofali

Sasa twafika kwenye kosa kubwa. Makala mekundu yanayowaka kwa nguvu hupendeza macho, lakini hayafai kwa kazi hii. Washeni makala, mkangoje mpaka yafunikwe na majivu meupe. Huenda itachukua nusu saa. Yasogezeni yote upande mmoja wa mbabula, upande wa pili ubaki mtupu. Hivyo mtakuwa na sehemu mbili, ya moto mkali na ya moto mpole. Nyosheni kiganja juu ya wavu, umbali wa shubiri moja, mkahesabu bila haraka. Mkiondoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali mno. Mkifika tano au sita, ndio moto mnaoutaka.

Mpangusieni kuku vipande vya kitunguu saumu na majani yaliyomshika, kwa maana huungua upesi na kuwa vichungu. Mlazeni upande wa mifupa ukiwa chini, kwenye ukingo wa moto mpole, mapaja yakielekea makala. Mfunikeni kwa sufuria pana iliyopinduliwa. Mwacheni hapo dakika 20 hivi. Mifupa itapokea moto kwanza na kuilinda nyama. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikiruka, msimwage maji, kwa maana majivu yatapanda juu ya chakula; msogezeni kuku tu.

Baadaye mgeuzeni, ngozi iwe chini, na hapo ndipo watu wa Toscana hufanya jambo lao. Huchukua tofali safi na kavu, wakalizungushia karatasi ya aluminiamu, wakaliweka juu ya kuku. Chakula hicho huitwa kuku wa tofali, al mattone. Uzito wa tofali huikandamiza ngozi juu ya chuma, nayo huiva sawasawa kila mahali, ikawa nyekundu na kavu. Toscana kuna udongo mzuri wa kufinyangia. Mji wa Impruneta, karibu na Firenze, wajulikana tangu karne nyingi kwa vyombo vyake vya udongo mwekundu. Lakini tofali la kwetu lafaa vilevile, mradi liwe kavu kabisa, kwa maana tofali lenye maji huweza kupasuka motoni. Kikaango kizito cha chuma pia chafaa. Dakika 10 au 15 zatosha kwa upande huu. Tazameni mara kwa mara, na ngozi ikianza kuwa nyeusi, rudini kwenye moto mpole.

Tutajuaje kwamba ameiva?

Dakika zote pamoja zitakuwa 35 mpaka 45, lakini saa ya ukutani haimwoni kuku. Rangi ya ngozi nayo si shahidi mwaminifu. Katika karamu ile ngozi ilikuwa nyeusi. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome kwenye paja, mahali penye unene zaidi, kisiguse mfupa. Kikionyesha digrii 74, kuku ameiva. Asiye nacho ashike ncha ya mguu aisogeze: kiungo chazunguka bila kushindana. Kisha akate ndani ya paja mpaka kwenye mfupa. Nyama isiwe ya kung'aa kama kioo, wala isiteleze kama mbichi, na maji yake yasiwe na damu. Mkiona shaka yo yote, mrudisheni kwenye moto mpole dakika tano, mkatazame tena. Mgeni anayengoja ni afadhali kuliko mgeni anayeumwa tumbo usiku.

Akiiva, mwekeni katika sahani safi, siyo ile iliyobeba nyama mbichi. Mpakeni vile vijiko viwili mlivyojitengea, kamulieni nusu ya limau, mkamwache apumzike dakika tano kabla ya kumkata.

Kware naye huchomwa hivyohivyo. Mnamkumbuka katika kitabu cha Kutoka, aliyefunika kambi ya Waisraeli jangwani wakati wa jioni. Waitalia humpenda pamoja na majani ya salvia. Lakini yeye ni mdogo zaidi. Dakika 12 mpaka 15 humtosha, na chumvi yake ipungue.

Kugawa

Sasa, wasomaji, twarudi kwa mama yule aliyerudi jikoni kimya. Katika nyumba nyingi kuku hugawanywa hivi: firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni, mabawa na shingo ni ya watoto. Na mama je? Mama hupata harufu na masizi, na labda mfupa uliokwisha kuguguniwa. Hatusemi kwamba heshima ya baba au ya mgeni iondolewe. Twasema tu kwamba kuku huyu mdogo ana fundisho ndani ya umbo lake. Amepasuliwa mgongoni, mkikata sasa katikati ya kidari, mnapata nusu mbili zilizo sawa: paja na kidari na bawa huku, paja na kidari na bawa huku. Hakuna fungu la mkubwa wala fungu la mdogo. Kuku wawili, watu wanne. Jamaa ikiwa na watu wanane, kateni kila nusu mara mbili, ongezeni maharage, sombe na bugali, na kila mtu atakuwa na kipande chake cha kweli. Ninyi wanafunzi mwajua hesabu: wakati wa kuhesabu watu wa nyumba, aliye jikoni ahesabiwe.

Tuliwaambia tutarudi kwa Bwana Artusi. Yeye aliandika kitabu, lakini mapishi yake yalijaribiwa jikoni kwake na wawili waliomtumikia, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli. Alipokufa mwaka 1911, ilionekana katika wasia wake kwamba haki ya faida ya kitabu amewaachia wao. Jina lililo juu ya jalada lilikuwa lake, lakini hakuisahau mikono iliyoshika kikaango.

Basi, akina baba na watoto, siku ya Jumapili mkimwona mama ameinama juu ya mbabula, akihesabu kwa kiganja chake moja, mbili, tatu, msimharakishe. Moto mpole una saa yake. Na kuku akiletwa mezani, kabla mkono wo wote haujanyoshwa, mtu mmoja aseme: Mama, keti kwanza. Nasi twawaaga mpaka juma lijalo. Mungu aibariki meza yenu.